Hilo Siyo Saizi Yako

Mtu mmoja alifika kaunta ya spea, akagonga mbao kwa ngumi, akasema, "Nipe kile kidude kinacholia kru-kru-kru."

"Kinalia kikiwa kizima au kikiwa kimeharibika?" aliuliza Ndimu bila kuinua macho.

"Kikiwa kimeharibika."

"Sasa unataka nikuuzie kilichoharibika?"

Mtu yule alifikiri kidogo, akaona kweli ana kosa mahali fulani ila hajui ni wapi, akaenda kumpigia simu dereva wake. Ndimu akarudia chai yake.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake kwa miaka mingi, nyuma ya dirisha la wavu, ndani kabisa ya jengo lililouza matrekta na zana za kilimo. Mbele kulikuwa na ukumbi wa vioo, sakafu inang'aa, matrekta mapya yamepangwa kama mabwana harusi. Nyuma kulikuwa na gereji, mafuta machafu na matusi ya mafundi. Yeye alikaa katikati, kwenye rafu za chuma zilizojaa mikanda, machujio na beringi, katika harufu ya mpira mpya ambayo, kusema kweli, aliipenda kuliko manukato yoyote. Asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, alikuwa akipita ukumbini na kitambaa, akifuta vumbi kwenye boneti moja au mbili ambazo hakuna aliyemtuma kuzifuta. Mashine hazikumchosha. Waliomchosha ni wenye kuzinunua.

Jina la Ndimu alipewa na mafundi kwa ajili ya uso wake. Walisema ukimwangalia huku unakula kitu kitamu, utamu unakata. Yeye hakulikataa. Alisema kama angekuwa na uso wa asali, nzi wangekuwa wengi zaidi, na waliopo walikuwa wanamtosha.

Nzi mkubwa wa pale, kwa hesabu yake, alikuwa muuzaji wa mbele, kijana mrefu aliyevaa tai hata siku za joto la kuyeyusha lami. Wote walimwita Tai. Wenzake walidhani ni kwa sababu ya ile tai ya shingoni. Ndimu alipolitamka alimaanisha yule ndege. Tai alimpokea kila mteja mlangoni kwa mikono miwili, akamwita mheshimiwa, akamsifia viatu, kisha akamzungusha ukumbini hadi mtu anasahau alikuja kuulizia jembe la kukokota. Hakuwahi kushika udongo. Siku moja mteja alimwuliza haro ya kuvunjia mabonge inafaa kuingia shambani lini, akajibu, "Wakati wowote mheshimiwa, inakuja na dhamana."

Meneja naye alikuwa mtu wa viatu vyeupe. Basi hapo umemjua.

Mambo ya Ndimu yaligeuka siku ambayo Tai alikuwa ameenda harusini na meneja amejifungia ofisini anaongea na simu. Akaingia mstaafu mmoja, mtu mzima mwenye kofia pana na fimbo ambayo mguu wake haukuihitaji, nyuma yake wapwa watatu waliovaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Walizunguka, wakakohoa, wakagonga vioo. Hakuna aliyetoka. Mwishowe Ndimu akaacha chai yake, akaenda, uso ukiwa umeiva uchachu.

"Lile pale," mstaafu akanyoosha fimbo kwa trekta kubwa kuliko yote, la buluu, lenye tairi za nyuma zinazomzidi mtu kimo. "Nataka hilo."

"Hilo siyo saizi yako, mzee."

Wapwa wakavua miwani. Mstaafu akashusha fimbo taratibu.

"Siyo saizi yangu kivipi?"

"Shamba lako likoje?"

"Linatosha."

"Linatosha nini? Maana hilo likianza kugeuka, tairi za nyuma zitakuwa kwako, za mbele ziko kwa jirani zinamlimia bure."

Mpwa mmoja akacheka. Akajikaza, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka. Mstaafu akavimba shingo kama chura.

"Wewe mama unajua unaongea na nani? Mimi nimeongoza watu! Idara nzima ilikuwa inasimama nikiingia!"

"Basi nunua viti, wakae," alisema Ndimu. "Trekta ni la kulimia. Chukua lile dogo jekundu, litakutosha na chenji ya heshima itabaki."

Mstaafu alinunua la buluu. Akanunua na plau lake, na tela, na kiti cha ziada cha dereva, yote wakati uleule, huku anamkazia Ndimu macho kama mtu anayelipiza kisasi. Alipokuwa anatia sahihi alisema kwa sauti ya kusikika gerejini, "Na mwambieni huyu mama asinione hivi hivi!"

Meneja alitoka ofisini amechelewa kila kitu isipokuwa furaha. "Umemfanya nini yule?"

"Nimemwambia ukweli."

"Kuna mwingine anaegesha gari nje. Mwambie na yeye."

Wiki ile ile wakamtoa kwenye spea, wakamvisha skafu ya kampuni na beji ya kifuani, wakamsimamisha ukumbini. Ndimu alidhani wataona aibu baada ya siku mbili wamrudishe. Haikuwa hivyo. Alimwambia mwenye mifugo kwamba mashine ya kufungia majani itamshinda, akanunua mbili. Alimwambia mchungaji mmoja kwamba waumini wake wanahitaji mvua na si kombaini ya kuvunia, akachukua kombaini. Daktari wa meno aliyetaka kulima wikendi aliambiwa akalale, apumzishe mikono yake ya kung'olea watu meno. Akaondoka na trekta, haro na mashine ya kupandia, amekunja uso kama aliyeng'olewa yeye.

Ndimu hakuwahi kuwaheshimu wateja, lakini zamani aliwadharau kwa kutojua. Sasa aliwadharau kwa kitu kingine kabisa. Aliona kwamba mtu mzima, mwenye mke na wajukuu, akiambiwa maneno manne tu, "hilo siyo saizi yako," akili yote inamtoka puani. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Walikuwa wanasikia "huwezi" na kukimbilia kalamu.

"Endelea kuwadharau hivyo hivyo," meneja alimwambia, "ila tia na tabasamu kidogo."

"Tabasamu halimo kwenye mkataba wangu."

Tai alijaribu kumwiga. Alimwambia mteja mmoja hana hadhi, mteja akamzaba kofi. Dharau nayo inataka iwe ya kweli. Ile ya Tai ilikuwa ya kuazima.

Mteja mmoja tu alimstaajabisha katika kipindi chote hicho. Alikuwa mjane wa makamo, analima mboga bondeni, kucha zake bado zina udongo wa asubuhi. Alionyesha trekta la wastani. Ndimu akamwambia, kama kawaida, hilo siyo saizi yako. Mjane akamtazama, akauliza, "Kwa hiyo mimi nichukue lipi, dada?"

Ndimu akaziangalia zile kucha. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo tangu avishwe skafu. Alimpeleka uani kwenye vile vitrekta vya kusukuma kwa mikono, akamwonyesha kimoja, akakiwasha, akamfundisha kukizima, wakakaa pale hadi jua likawahamisha kivuli. Mjane aliondoka nacho kwenye pikipiki ya mizigo, anapunga mkono. Wiki nzima Ndimu alikuwa na uso ambao mafundi hawakuuelewa, mmoja akamwuliza kama anaumwa.

"Mtu ameingia na hamu ya trekta," meneja alilalamika, "wewe umemtoa na toroli."

Sasa, Ndimu alikuwa na shemeji. Mumewe, fundi wa redio, mtu wa maneno machache, alikuwa na kaka mmoja tu, na huyo kaka alikuwa ameyachukua maneno ya wote wawili. Alishafungua duka la vioo, likapasuka. Akafuga kuku, wakafa wote yeye akiwa kwenye semina ya ufugaji. Kila kilichomshinda alikieleza vizuri kuliko waliokiweza. Baba yao alipofariki aliwaachia shamba, kila mmoja nusu yake, na katikati nyumba ya mama yao ambaye bado alikuwa anapalilia mwenyewe. Shemeji alilima nusu yake kwa mdomo. Aliyeshika jembe ni mkewe, mwanamke mnyamavu ambaye Ndimu, kusema haki, hakuwahi kumtazama mara mbili.

Jumapili moja walikuwa wamekaa wote kwa mama mkwe, sahani zimeshaondolewa, shemeji akajikohoza.

"Nimeuza kipande cha kule chini, cha kando ya kijito."

Mama mkwe akaacha kuchokonoa meno. "Umeuza?"

"Mama, tulia. Nanunua trekta. Zama za jembe la mkono zimekwisha."

Ndimu akamgeukia. "Shemeji, umeuza shamba ili ununue trekta la kulimia shamba?"

"Kilichobaki kinatosha."

"Kilichobaki nakijua. Mkeo anakimaliza kwa jembe kabla ya saa ya chai. Udongo wa maana ndio huo uliouuza. Dereva huna, mafuta huna, na hata kuendesha baiskeli ulianguka ukaacha. Nakuomba, na mimi siombi ovyo. Rudi kwa huyo mnunuzi kabla hajajenga uzio. Trekta siyo saizi yako."

Shemeji akaangua kicheko, akapiga goti.

"Hiyo hiyo! Shemeji, hiyo mbinu yako mji mzima unaijua! Unamshusha mtu ili apande bei. Kwangu haifanyi kazi, mimi ni wa nyumbani. Kesho nakuja, na nataka unipe kubwa."

"Siyo mbinu! Ndivyo ninavyoona!"

"Anaifanya vizuri, eeh?" shemeji akamwambia mkewe. Mkewe akatazama mikono yake.

Ndimu akamgeukia mama mkwe. "Mama, mwambie. Mimi hanisikii."

Mama mkwe alikunja kanga yake polepole. "Nimwambie nini, mwanangu? Kila siku unawauzia watoto wa wenzio. Leo amefika wako ndiyo unaona ni ujinga?"

Ndimu akachukua mkoba wake, wakaondoka. Njiani mumewe alimshika mkono, hakusema kitu, na siku hiyo alimshukuru kwa huo unyamavu.

Kesho yake shemeji alifika na suti. Ndimu alimwona kupitia kioo, akavua skafu, akaenda moja kwa moja kwa meneja.

"Anayekuja sasa hivi ni shemeji yangu. Ameuza shamba apate kununua trekta. Naomba asiuziwe."

"Ameuza shamba lote?"

"Sehemu nzuri."

"Kwa hiyo ana uwezo wa kulipa," alisema meneja, akarudi kwenye simu yake.

Ndimu alisimama mlangoni, akamzuia shemeji kwa mwili, akamwambia yote tena, safari hii bila utani hata kidogo, machozi yakiwa karibu. Watu wawili waliokuwa wanaangalia plau walisogea kusikiliza, mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Ndiye huyu. Sikiliza anavyojua." Shemeji akawakonyeza. Nyuma ya bega la Ndimu, Tai alikuwa ameshafika na mikono miwili.

"Mheshimiwa! Viatu hivyo umevitoa wapi?"

Akauziwa la buluu.

Trekta lilipofika nyumbani halikupita getini, ikabidi nguzo moja ibomolewe. Dereva wa kuajiriwa alilima kile kipande kilichobaki asubuhi moja, katika kugeuka akafagia mahindi ya jirani, jirani akaja na panga na mjumbe. Shemeji alisema atalikodisha. Alilikodisha kubeba mchanga, kokoto, na mara moja wasindikizaji wa bibi harusi, hadi klachi ikaungua na dereva akapata kazi kwa mtu mwenye akili. Baada ya hapo likakaa uani. Mama mkwe akaanza kuanika nguo za ndani kwenye usukani, na kila aliyeuliza aliambiwa, "Ndiyo kazi yake hiyo."

Kisha shemeji akamjia mdogo wake. Alisema tatizo ni moja tu, trekta halina eneo, kwa hiyo ampe na ile nusu yake. Fundi wa redio alikuwa ameinamia redio iliyofumuliwa, ameshika waya kwa meno. Akautoa waya mdomoni.

"La," alisema. Akaurudisha.

Ndimu alimpenda upya siku hiyo.

Lakini kazini hakuwa na amani tena. Kila alipofungua mdomo aliona wateja wanatabasamu, wanasubiri kutukanwa kama watu waliokuja kutazama mchezo. Wengine walimwomba kabisa: "Na mimi niambie siyo saizi yangu." Alimwomba meneja amrudishe spea. Meneja akasema mtu hamtoi ng'ombe wa maziwa zizini akamfunge stoo. Maneno hayo ndiyo yaliyomfikisha mwisho.

Basi akabadili dawa. Mteja wa kwanza asubuhi iliyofuata alikuwa mkandarasi mmoja mnene, amekuja na hasira yake tayari. Ndimu akampokea kwa mikono miwili.

"Karibu sana, bwana mkubwa. Hili la buluu limetengenezwa kwa ajili yako. Nikikutazama wewe, nikilitazama lenyewe, naona ndugu wawili."

Mkandarasi akarudi nyuma hatua moja. "Lina ubovu gani?"

"Halina ubovu. Wewe ni mtu wa kiwango cha juu. Chukua hata mawili."

"Nitarudi," alisema mkandarasi, na hakurudi.

Ikawa hivyo kwa wote. Aliwasifia kofia, matumbo, hekima na ukoo. Tabasamu lililokosekana siku zote sasa lilikaa usoni mchana kutwa, na mafundi waliapa kwamba lilikuwa la kutisha kuliko ule uchachu. Wanaume waliokuwa tayari kununua kwa kutukanwa walishika mifuko yao kwa kusifiwa, wakatoka kinyumenyume. Wachache walimwuliza Tai pembeni kama yule mama ni mzima. Kila aliyetoka mikono mitupu, Ndimu alihesabu kuwa ni shamba lililopona, na moyoni akamdharau kwa raha zote.

Meneja aliling'amua, kwa kuchelewa kama kawaida yake. Alimwita, akapiga meza, akatishia kumfukuza. Kumfukuza kungemtia kwenye matatizo na wakubwa wake, ambao walikuwa wameshampa Ndimu cheti cha muuzaji bora. Kwa hiyo akampa kazi ambayo hakuna mtu wa skafu wala tai aliyeitaka: kufuata mashine zilizouzwa hadi shambani na kuwafundisha wanunuzi kuziendesha. Matope, jua, nyoka, na wenye mali wasiosikia. Alidhani anamwadhibu.

Ndimu alinunua buti za mpira siku hiyo hiyo.

Huko shambani aliwakuta wote. Mstaafu na fimbo yake alining'inia kwenye usukani akipiga kelele "Simama!" kana kwamba trekta ni idara. Daktari wa meno alirudi kinyumenyume hadi kwenye choo cha jirani. Ndimu alikaa juu ya tela akiwaambia yaliyokuwa moyoni, na safari hii walilazimika kufuata, maana wasipofuata walikuwa wanaangukia mtaroni. Kulikuwa na furaha katika hilo ambayo asingeweza kumweleza mtu.

Kwa shemeji alienda kwa kuwa klachi mpya ilikuwa imefungwa na ratiba ilimtaka aende. Shemeji alipanda, akalizima mara saba, akasema mashine ina tatizo la kiwandani, akashuka kwenda kuandika malalamiko. Ndimu akabaki peke yake uani na mke wa shemeji, aliyekuwa anaondoa nguo kwenye bomba la moshi.

"Naomba nijaribu," alisema mwanamke yule.

Ndimu nusura aseme maneno yale manne. Aliyasikia yakimfika ulimini. Akayameza, akampa nafasi.

Mwanamke akapanda. Akakanyaga klachi hadi chini, akasubiri, akaachia taratibu, trekta likaondoka kama linavyotakiwa kuondoka. Wakazunguka kile kishamba mara moja, mara mbili. Mara ya tatu akageuka penye kona ya jirani bila kugusa hata jani la mhindi. Alijifunza plau kwa siku mbili na tela kwa siku moja. Hakuuliza swali la kijinga hata moja, jambo ambalo Ndimu alilingoja kwa hamu likakataa kuja.

Mwezi ule ule akaanza kulimia watu kwa kukodi, wajane wa bondeni kwanza, kisha wenye mashamba makubwa. Dereva hakuhitajika. Shemeji alibaki kuwa mkurugenzi; alikaa nyumbani akieleza jinsi alivyoona mbali.

Na yule mwanamke mnyamavu, trekta lilimpa sauti. Ilikuwa sauti mbaya. Alianza kuvaa miwani ya jua. Aliwafokea wenye mashamba kwa kutong'oa visiki, akamwambia mama mkwe aanike nguo zake kwa kamba kama watu wengine. Ndimu alimsikia sokoni akimwambia mtu mzima kwamba shamba lake ni dogo mno kumsumbulia mashine.

Siku moja, mvua imenyesha, Ndimu alikuwa anatembea kando ya barabara na buti zake akitoka kufundisha. Akasikia mngurumo nyuma, akageuka, akaliona la buluu linakuja, mke wa shemeji amekaa juu kabisa, kidevu kimeinuliwa. Ndimu akapunga mkono. Mwanamke hakumtazama. Tairi ikapita kwenye dimbwi, tope likamwagikia Ndimu kuanzia usoni hadi kwenye buti.

Alisimama pale akijipangusa macho. Alijua matusi mengi yanayofaa, na sauti ya kuyafikisha alikuwa nayo. Mbele barabara ilianza kupanda. Akatega sikio, akasikia gia ikishushwa mapema, kwa wakati wake, bila mkwaruzo wowote.

"Shenzi," alisema Ndimu. "Lakini hiyo ameibadilisha vizuri."